Kalenda si kengele

Waliokosa kufika kwenye semina wameomba mazungumzo haya kwa maandishi. Nimeyaweka kama yalivyosemwa. Slaidi nimeziacha, zilikuwa picha za skrini tu.

Ndugu mwenyekiti, wenzangu wote, habari za mchana.

Nianze na swali. Nani hapa ana simu isiyo na programu ya kalenda? Hakuna mkono. Vizuri. Sasa nani, mara ya mwisho alipoombwa kikao au kazi, aliifungua hiyo kalenda kabla ya kusema "sawa, hakuna shida"? Naona mikono michache, na mmoja unapanda na kushuka. (Kicheko.)

Basi leo tuzungumzie hapo hapo, katikati ya ombi na "sawa". Wengi wetu tumeigeuza kalenda kuwa kengele. Ikilia tunashtuka na kukimbia. Isipolia tunajiona tuko huru. Ndugu zangu, kalenda si kengele. Kalenda ni daftari. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na ipo mali gani inayopotea bila habari kuliko muda? Na daftari hulifungui baada ya kutumia. Unalifungua kabla, uone kilichobaki, ndipo uamue.

Vyombo vyenyewe si vigeni. Outlook ya Microsoft ilikuja 1997. Apple walileta iCal yao 2002. Google Calendar ilitoka Aprili 2006. Lakini kuna jambo lililo chini ya hizo zote ambalo watu hawalioni: mnamo Novemba 1998 wataalamu wa intaneti walichapisha kanuni moja ya kuandika matukio, inaitwa iCalendar, na mwaka 2009 ikafanyiwa marekebisho. Lile faili lenye mkia wa .ics mnaloliona kwenye barua pepe, au baada ya kukata tiketi ya ndege, ndiyo hilo. Ndani yake mna maandishi ya kawaida tu: tukio linaanza lini, linaisha lini, nani ameliandaa, nani amealikwa. Kwa hiyo mwenye Outlook anaweza kumwalika mwenye simu ya Apple, naye akamwalika mwenye Google, na kila mmoja akaona saa ileile. Nalisema hili mapema kwa sababu kuna kisingizio kimoja nataka nikizike leo: "Mimi natumia programu tofauti na yenu." Tangu 1998, ndugu yangu. Tangu 1998!

Haya. Jambo la kwanza: kila kitu chenye saa kikae mahali pamoja.

Kuna mkufunzi mmoja ninayemfahamu, mtu makini kupindukia. Ana daftari la mezani, ana kalenda ya ofisi kwenye kompyuta, na mengine ameyahifadhi kichwani. Wiki moja alikuwa na kikao cha bajeti Alhamisi saa 15:00, kimo kwenye kalenda ya ofisi. Alikuwa pia ameahidi kumpeleka mama yake kliniki Alhamisi saa 15:00, imo kwenye daftari, tena kwa wino mwekundu. Hakusahau hata kimoja. Vyote viwili alikuwa ameviandika! Tatizo lake ni kwamba vilikuwa havijawahi kukutana, mpaka Alhamisi yenyewe saa nane na nusu mchana, yuko mlangoni na mkoba begani, mama yake yuko kwenye simu na bosi wake yuko kwenye ngazi.

Wengi tungemshauri nini? Awe makini zaidi? Huo ndio ulikuwa umakini wake wote. Alichofanya baadaye ni kuongeza akaunti yake binafsi kwenye programu ileile ya kalenda aliyo nayo kwenye simu, ikae pamoja na ya ofisi. Rangi mbili, ukurasa mmoja. Ya ofisi bluu, ya nyumbani kijani. Mambo mawili yakigongana siku hizi anaona bluu na kijani vimebanana kwenye kisanduku kimoja, na anaona hivyo siku ile anayoliandika la pili. Daftari bado analo, la kuandikia mawazo. Tarehe haziingii humo tena.

Na hapa niseme kidogo kuhusu makundi ya ujumbe kwenye simu. Jamani. Mtu anaandika Jumamosi usiku: "Tukutane Alhamisi jioni." Alhamisi ipi? Jioni ya saa ngapi? Wanajibu: "Sawa." "Nipo." Dole gumba. Dole gumba. Mwingine anauliza, "Ni hii au ijayo?" Swali linafunikwa na picha ya mtoto wa mtu aliyehitimu, tunampongeza, tunasahau. Siku inafika, nusu wapo, nusu wako kwao wanasubiri wiki ijayo. Dole gumba si miadi! Anayeitisha kikao atume mwaliko wa kalenda: una siku, saa ya kuanza, saa ya kumaliza, mahali au kiungo cha video, na hoja mbili tatu za kujadiliwa. Mwalikwa anabonyeza ndiyo, hapana, au labda. Kikao kikihamishwa, kinahama kwenye simu za wote, na hakuna anayeulizwa "hivi hukuona ujumbe?"

Jambo la pili ndilo zito zaidi, na nitakaa hapo.

Fungueni kalenda zenu kichwani. Mnaona nini? Vikao. Vikao na siku za kuzaliwa. Na kazi yenyewe iko wapi? Ripoti utakayoandika, hesabu utakazofunga, mtihani utakaousomea, hizo ziko saa ngapi? Haziko. Ziko "muda ukipatikana". Sasa niambieni, mnaujua muda uliowahi kupatikana wenyewe?

Rafiki yangu mmoja ni mfasiri. Alipewa kurasa 40, azirudishe Ijumaa. Alipotazama kalenda yake, Jumatatu hadi Alhamisi zilikuwa nyeupe pe. Akasema sawa. Lakini wenzake nao waliiona nyeupe ileile, maana kalenda ya ofisi inaonyesha nani yuko wazi. Mmoja akaweka kikao Jumanne saa 10:00, nusu saa tu. Mwingine Jumatano saa 11:30, nusu saa tu. Wa tatu Jumatano saa 15:00. Kila mmoja alikuwa na haki, nafasi ilikuwa wazi! Na kila nusu saa ilikuwa inakata asubuhi au mchana vipande viwili visivyotosha kuingia ndani ya maandishi. Alhamisi usiku wa manane alikuwa ukurasa wa 23.

Kazi iliyofuata aliifanya hivi, na naomba msikilize hesabu yenyewe. Kwa saa moja, akiwa hajasumbuliwa, anatoa kurasa tatu safi. Kurasa 40 ni kama saa 14. Akaigawa katika vipande saba vya saa mbili mbili, akaanza kuvipanga kwenye kalenda kabla hajamjibu mteja. Jumatatu asubuhi, kipande kimoja. Jumanne, viwili. Jumatano kuna mafunzo siku nzima, hakuna kitu. Alhamisi, viwili. Ijumaa asubuhi, kimoja. Jumla sita. Kipande cha saba hakikupata pa kukaa. Akampigia mteja Jumatatu ileile: "Ijumaa haitoshi, nipe hadi Jumanne." Mteja akasema haina neno. Akipiga simu ileile Alhamisi usiku, anaonekana mzembe. Akiipiga Jumatatu, anaonekana mtu wa mipango. Mtu ni yuleyule na kasi yake ni ileile.

Na msidhani rafiki yangu ana tatizo la pekee. Mwaka 1979 wanasaikolojia Daniel Kahneman na Amos Tversky waliandika kuhusu tabia yetu ya kukadiria kazi kana kwamba kila kitu kitakwenda sawa. Mwaka 1994 Roger Buehler na wenzake wakalipima jambo hilo kwa wanafunzi waliokuwa wanamalizia tasnifu. Waliwauliza: utamaliza baada ya siku ngapi? Wastani wa majibu ulikuwa karibu siku 34. Wakawauliza tena: na mambo yakienda vibaya kabisa? Wakasema kama siku 49. Walimaliza kwa wastani wa siku 55 na ushei. Yaani hata walipojikaza kuwaza mabaya, hawakuufikia ukweli. Na wale waliomaliza ndani ya siku walizozitaja walikuwa takriban watatu kati ya kumi.

Dawa? Usikiulize kichwa chako kazi itachukua muda gani. Iulize kalenda kazi ya mwezi uliopita inayofanana na hii ilichukua muda gani. Ndiyo faida ya kuandika vipande vya kazi: vikishapita, vinabaki kama ushahidi. Ulidhani saa mbili, ukatumia nne, irefushe kwenye kalenda iwe nne, hata kama imekwisha pita. Baada ya miezi michache una rekodi yako mwenyewe, na rekodi hiyo haikubembelezi.

Kuna mjuaji ananitazama pale mbele, najua anachotaka kusema. (Kicheko.) Anataka kusema: ukiipa kazi muda mwingi, itaumeza wote. Kweli. Mwanahistoria Mwingereza, Northcote Parkinson, aliliandika hilo kwa kejeli mwaka 1955, kwamba kazi hutanuka hadi ijaze muda iliopewa. Kwa hiyo kisanduku cha kazi kisiandikwe "Ripoti". Ripoti haina mwisho. Andika "Ripoti: maliza jedwali la matumizi, andika aya nne za utangulizi". Hapo utajua umemaliza lini. Na utajua uanzie wapi, maana saa ikifika hukai kujiuliza. Mwanasaikolojia Peter Gollwitzer alionyesha kwenye makala yake ya 1999 kwamba mtu anayeamua mapema atafanya nini, lini na wapi, hutimiza zaidi kuliko mwenye nia njema peke yake.

Kingine kidogo kwenye hilohilo: acheni nafasi kati ya mambo. Kikao kinachoisha saa 11:00 na kingine kinachoanza saa 11:00 ni uongo ulioandikwa vizuri. Google Calendar na Outlook zote zina mpangilio wa kufupisha vikao zenyewe, cha saa nzima kiishe dakika kumi kabla, cha nusu saa dakika tano. Uwasheni. Na mwendo nao uandikwe. Kama kufika ni dakika 40, hizo dakika 40 ni tukio.

Sasa niende kwenye saa za maeneo, kwa wale wanaofanya kazi na watu wa mbali. Na siku hizi nani hafanyi?

Kikundi kimoja cha wahariri wa kujitolea kilikuwa kinakutana kwa video kila Jumatatu saa 10:00 asubuhi ya New York. Wa London walijua kwao ni saa 15:00. Wa Afrika Mashariki walijua kwao ni saa 18:00. Mmoja wa London aliandika 15:00 kwenye karatasi, akaibandika ukutani, akatulia. Ikafika Machi. Marekani husogeza saa mbele Jumapili ya pili ya Machi. Uingereza na Ulaya husubiri Jumapili ya mwisho ya mwezi huo. Katikati hapo, saa 10:00 ya New York si 15:00 ya London, ni 14:00. Na Afrika Mashariki, ambako saa haisogezwi, 18:00 inakuwa 17:00 na inabaki hivyo hadi Novemba. Bwana wa karatasi alijiunga saa 15:00 kamili, kwa heshima zote, akawakuta wenzake wanaagana. Wiki iliyofuata, tena! Na hakuna aliyekuwa amebadilisha ratiba.

Waliokuwa na tukio kwenye kalenda hawakupata shida hata kidogo. Unajua kwa nini? Kwa sababu programu haihifadhi "saa 15:00". Inahifadhi "saa 10:00 ya America/New_York, kila Jumatatu", kisha kila simu inatafsiri kwa mwenyewe. Majina hayo ya maeneo yanatoka kwenye hazina moja ya kumbukumbu za saa za dunia, aliyoianzisha Mmarekani Arthur David Olson miaka ya 1980. Tangu 2011 inatunzwa chini ya IANA, taasisi inayoratibu majina na namba za intaneti, na hadi leo wanaoisasisha wengi wao ni wa kujitolea. Kazi yao haiishi, kwa kuwa serikali hubadili saa zikitaka, wakati mwingine kwa taarifa fupi sana. Samoa iliwahi kuifuta siku nzima: tarehe 30 Desemba 2011 haikuwapo huko, walilala Alhamisi wakaamka Jumamosi. Kwa hiyo simu inapokuomba isasishwe, usiiahirishe mwaka mzima. Na mnapoanzisha kikao cha kila wiki na watu wa mbali, amueni kwanza saa ya nani ndiyo nanga, maana kuna ambao watahamishwa mara mbili kwa mwaka.

Na sisi wa Kiswahili tuna mtego wetu. Mdomoni tunasema saa tatu, kwenye simu ni 09:00. Wenyewe kwa wenyewe tunaelewana. Mgeni akisikia "saa tatu" ataandika 15:00 na atakuja 15:00. Kwenye mwaliko, andikeni tarakimu za saa 24, basi.

Vikumbusho. Hapa nitaenda haraka. Vinafanya kazi, hilo halina ubishi. Tathmini ya mwaka 2013 ya Cochrane, mtandao wa kimataifa unaopima tafiti za afya, iliyokusanya tafiti za kliniki, ilikuta wagonjwa wanaotumiwa ujumbe mfupi wa kukumbushwa huhudhuria zaidi kuliko wasiotumiwa. Lakini kikumbusho lazima kije wakati bado una la kufanya. Outlook kwa kawaida hukukumbusha dakika 15 kabla. Kama kufika ni saa nzima, dakika 15 kabla si kikumbusho tena, ni rambirambi. (Kicheko.) Jambo la kusafiri liwekewe vikumbusho viwili: cha jana yake, ili uandae makaratasi, na cha dakika ya kutoka mlangoni. Mengine zimeni. Simu inayolia kwa kila kitu tumeshaizoea kama feni.

Faragha nayo isipuuzwe. Unapomshirikisha mtu kalenda, programu inakuuliza: aone tu kwamba una shughuli, aone maelezo yote, au aweze kubadilisha? Wengi wanachagua la katikati bila kusoma. Mwenzako wa ofisini ana haki ya kujua kwamba Jumanne saa 14:00 haupo. Hana haki ya kujua uko kwa daktari gani. Kalenda ikiwekwa wazi kwa umma, yeyote anaweza kuisoma, pamoja na nywila ya mkutano uliyoiandika kwenye maelezo. Na ukikuta kwenye kalenda yako tukio la zawadi usiyoiomba, kutoka kwa mtu usiyemjua, usibonyeze kiungo kilichomo. Liripoti kama taka, kisha ingia kwenye mipangilio uchague mialiko iingie tu kutoka kwa unaowafahamu.

Najua kuna anayejiuliza: maisha gani haya, kila saa na kisanduku chake? Si utumwa? Namjibu kwamba sijasema jaza. Kalenda iliyojaa kuanzia asubuhi hadi usiku inavunjika mtoto akipata homa asubuhi moja tu. Mkufunzi yule niliyewaambia anaacha Ijumaa mchana wazi kila wiki, ameifungia kabisa isialikwe mtu. Kazi zilizoangushwa na dharura za wiki zinahamia hapo. Dharura zisipokuwapo, anaondoka mapema, na hakuna anayemwuliza.

Kwa hiyo mpango ukivunjika, usikifute kisanduku cha kazi. Kivute, kipeleke siku nyingine. Ni kidole tu. Lakini chungulia jambo moja mwisho wa wiki, ukiwa unatazama wiki ijayo: kipo kisanduku ambacho umekivuta na kukivuta, kila wiki kinahama? Hicho hukifanyi. Unakijua, na kalenda inakijua. Mpigie simu aliyekupa kazi hiyo, kesho asubuhi, umwambie ampe mwingine, halafu ukifute.

Haya, yule bwana wa mbele aliyetaka kunibishia kwa Parkinson, mpeni kipaza sauti.